Maneti ya pikipiki: pima kwanza, rangi utaangalia kisha

Mchimbaji wa Misisi, wa Lubichako ao wa Kamituga, shimo likimjibu, mara nyingi anafanya vitu vitatu: analipa madeni, anatuma karo ya watoto, na kama kunabaki kitu ananunua pikipiki. Ile pikipiki haimfuati kwenye kare. Inabaki Uvira ao Baraka, mikononi mwa kijana wa mtaa anayepakia watu na mizigo, na kila jioni kijana analeta verisema kwa mama wa nyumba. Familia nyingi za kwetu hazina banki ingine kuliko hiyo. Baba akikaa miezi mitatu bila kuona dhahabu, ni pikipiki inayonunua unga.

Ndiyo maana sisi watu wa sendika, ambao kazi yetu ni kuongea mishahara, kofia na mashimo yanayobomoka, leo tunaongea juu ya kipande kinachoingia ndani ya mfuko wa koti: maneti. Ya mkono wa kuume inavuta freni ya mbele, ya kushoto inavuta ambrayaji. Tunaiongea kwa sababu wengi wetu ni wenye pikipiki, na wote ni abiria wake.

Barabara yetu munaijua. Kutoka Uvira kwenda Baraka ni karibu kilomita 90, ziwa mkono wa kushoto, milima mkono wa kuume, na kila mto unaoshuka pale, Makobola, Swima, Mboko, unaleta mawe yake mpaka katikati ya njia. Tangu mafuriko ya Aprili 2020, wakati Mulongwe ilipotoka ndani ya kitanda chake na kubeba nyumba na watu, hakuna aliye na mashaka tena juu ya nguvu ya hii mito. Ndani ya matope pikipiki inalala hata kama haikimbie. Na ikilala, ncha ya usukani na maneti ndivyo vinagusa chini mbele ya vitu vingine. Inapinda, ao inakatika. Pale kila mtu anakimbia kutafuta ingine, na pale ndipo pesa inapotea na watu wanaumia.

Maneti zinazouzwa Uvira zinatoka mbali. Pikipiki nyingi za huku ni TVS na Boxer, zote za Uhindi: TVS inatengenezwa Hosur, kusini ya ile inchi, Boxer ni ya kampuni Bajaj ya Pune. Kisha kuna za Shina. Vipande vinashuka Dar es Salaam, vinafika Kigoma, vinavuka ziwa mpaka Kalundu. Vingine vinaingia na njia ya Bujumbura na Kavimvira, vingine vinateremka kutoka Bukavu. Njiani humo vinachanganyika. Kwenye meza ya muuzaji utakuta maneti ya kampuni yenyewe ndani ya mfuko wake, pembeni yake ile ya kuiga isiyo na jina, na juu zimetundikwa zile za rangi, nyekundu, bluu, dhahabu, fupi, zenye kasukani kadogo ka kuchagua namba 1 mpaka 6. Muuzaji atakuambia zote zinaingia. Kuingia zinaingia. Shida iko pengine.

Tuanze na kitu ambacho hata mafundi wengi wanapita juu yake. Maneti ni mtaimbo, sawa na ule tunaogeuza nao jiwe shimoni. Mwenye kuchimba anajua: ukisogeza jiwe la chini ya mtaimbo karibu na mzigo, kazi inakuwa nyepesi lakini mzigo unapanda kidogo, ukilisogeza mbali na mzigo, unapanda sana lakini mgongo unalia. Kwenye maneti, hilo jiwe la chini ni buloni inayoishikilia, na mzigo ni kichwa cha kable. Umbali kati ya hivyo vitu viwili ndio unaamua yote, na hauonekane kwa jicho.

Chukua rula ya mtoto wa shule. Pima kwenye maneti ya zamani, kutoka katikati ya tundu la buloni mpaka katikati ya tundu linalokaa kichwa cha kable. Tuseme umepata milimita 24. Vidole vyako vinavuta, tuseme, kwenye milimita 120 kutoka buloni. 120 kugawa kwa 24 ni 5. Maana yake nguvu ya kilo 4 kwenye vidole inafika kilo 20 kwenye kable. Sasa wamekuuzia maneti inayofanana kabisa, lakini ina milimita 30. 120 kugawa kwa 30 ni 4. Zile kilo 4 zako zinakuwa 16 tu, na ili upate 20 utavuta kilo 5. Kwa ambrayaji inayovutwa mara mia na mia kwa siku moja, mkono wa kijana unakufa mbele ya kufika Mboko. Ataanza kuvuta nusu, ataanza kubadilisha vitesi bila kuvuta kabisa, na wewe utalipa bwati ya vitesi bila kujua ni maneti iliyoila.

Kinyume chake ni kibaya zaidi juu kinadanganya. Maneti yenye milimita 20 ni laini, dukani utaifurahia. Lakini angalia: vidole vikitembea milimita 60, maneti ya 24 inavuta kable milimita 12, ile ya 20 inavuta 10 tu. Milimita mbili zinazokosa ndizo zilikuwa zinaachanisha disiki za ambrayaji. Pikipiki inataka kutembea hata umevuta, vitesi vinalia, nyutro haipatikane. Na kwa freni ya tambura, ile yenye viatu ndani ya gurudumu, maneti itafika kwenye usukani mbele viatu havijakamata sawasawa. Kwenye mteremko wenye abiria wawili na gunia, ile ndiyo dakika ambayo hatutaki mtu yeyote aijue.

Basi usiende dukani na jina la pikipiki peke yake. Nenda na maneti ya zamani mkononi, hata kama imekatika, mradi ile sehemu ya matundu iko. Weka mpya juu ya zamani, tundu la buloni juu ya tundu la buloni, na uangalie kama yale mengine yanalingana. Muuzaji akikataa ufungue mfuko, kuna meza ingine hatua kumi mbele.

Kisha angalia unene pale buloni inapita. Maneti inakaa ndani ya mdomo wa chuma kwenye usukani. Ikiwa nyembamba kuliko ule mdomo, itacheza juu na chini, na tundu lake litakuwa yai ndani ya muda mfupi. Ikiwa nene, fundi atakuambia tutaipiga lima kidogo. Lima si dhambi, lakini maneti inayobanwa hairudi yenyewe. Freni isiyorudi inachoma viatu vyake polepole. Ambrayaji isiyorudi inateleza, na disiki zinaisha pikipiki ikiwa inapanda. Jaribu hii mbele ya kulipa: ingiza buloni ndani ya tundu kwa vidole. Iingie bila kulazimisha, lakini isicheze.

Na kuna mkia mdogo. Upande wa ndani wa maneti nyingi, karibu na buloni, kuna kapembe kanakosukuma kontakti ya taa ya nyuma. Ukivuta freni, taa nyekundu inawaka. Maneti nyingi za kuiga hazina kale kapembe, ao wamekaweka pabaya. Mchana hautajua. Usiku, kati ya Kalundu na Makobola, lori la nyuma halitaona kama umesimama. Sisi tunasema wazi: maneti ya freni ya mbele isiyowasha taa haifai, hata ikiwa ni zawadi.

Chuma chenyewe nacho kina maneno yake. Maneti nzuri ni alumini. Wauzaji wanapenda kukupa ile nzito na kusema ndiyo nguvu. Uzito si nguvu hapa. Zinki ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko alumini, na maneti ya zinki ya kumimina inakatika kama biskuti bila kupinda kwanza. Sumaku haitakusaidia, haikamate alumini wala zinki. Tumia macho: tafuta vitundu vidogo vidogo kama vya mkate, hasa kuzunguka tundu la buloni, na mstari wa kalibu usiopigwa lima. Rangi nene inayofunika yote ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu hujui inaficha nini. Ukipata maneti iliyokatika kwenye garaji, angalia ndani ya mkato: ikiwa ni punje punje za kijivu kama sukari chafu, kumbuka sura ya ile maneti na usiinunue kamwe.

Ncha pia. Inapashwa kuwa na kichwa cha mviringo kama gololi. Sheria za mashindano ya pikipiki duniani zinadai hicho kichwa, na si kwa uzuri: mtu akiangukia maneti, kichwa cha mviringo kinasukuma, lakini ncha iliyokatika inaingia ndani ya mwili kama kisu. Tunaona vijana wanatembea mwaka mzima na nusu ya maneti yenye meno. Wanasema bado inavuta. Ndiyo, inavuta.

Sasa zile za rangi. Tunajua vijana wanazipenda, na hatutaki kuwa wazee wanaokataza kila kitu. Ile ya kuchagua namba iko na faida yake: mwenye mkono mdogo, na siku hizi dada zetu nao wanaendesha, anaisogeza karibu na vidole. Kama inatoka kwa mtengenezaji wa kweli na vipimo vyake vinalingana, hakuna ubaya. Lakini ile fupi, ya vidole viwili, ilifanyiwa pikipiki za mbio zenye freni ya diski kubwa ya mafuta, ambayo kidole kimoja kinatosha. Ukiifunga kwenye tambura ya TVS, vidole vinavuta kwenye milimita 80 pahali pa 120. Gawa kwa 24: karibu 3 na theluthi. Zile kilo 4 zinakuwa 13 pahali pa 20. Umelipa pesa ili uondoe theluthi moja ya freni yako. Kwa gunia la mchanga na watu wawili, hapana.

Wenye pikipiki za diski mbele wana jambo lao peke yao. Kule maneti haivute kable, inasukuma bastola ndogo inayosukuma mafuta ya freni. Kati ya pua ya maneti na ile bastola lazima kubaki nafasi ndogo sana, ya kusikia tu kwa kidole. Bila nafasi, bastola hairudi mpaka mwisho, mafuta yanabaki yamefungwa, na kila ukipiga freni inabana zaidi. Baada ya kilomita kadhaa diski inawaka na gurudumu linaweza kujifunga lenyewe. Ukibadilisha maneti ya namna hii, inua gurudumu la mbele, lizungushe, vuta na uachilie mara kumi. Likikataa kuzunguka, ondoa ile maneti. Usikubali fundi aseme itajizoeza.

Tuje kwenye mambo ya pesa, juu hapo ndipo ukweli uko. Maneti ya kampuni inaweza kuwa mara mbili ao tatu ya bei ya ile ya kuiga. Nani analipa? Kwa mapatano mengi ya kwetu, mwenye pikipiki anachukua verisema, kijana analipa mafuta na vipande vidogo. Maneti inahesabiwa kipande kidogo. Kwa hiyo kijana aliyeanguka asubuhi, anayejua kwamba jioni mama wa nyumba anangoja makuta, atafanya nini? Ataipeleka kwa mchomeleaji. Ao ataifunga na waya. Ao atang'oa freni ya mbele kabisa, na kusema freni ya mbele inaangusha watu.

Hili neno la kuangusha tulisikia hata kwa watu wazima. Ndani ya matope ni kweli, ukiikamata yote kwa ghafula gurudumu litateleza. Lakini pikipiki ikipunguza mwendo, uzito unakuja mbele, na kwenye kavu gurudumu la mbele ndilo lina uwezo mkubwa wa kusimamisha. Mwenye kushuka kwa freni ya nyuma peke yake anachoma viatu vyake mpaka vinanuka, na vikisha kupata moto sana havikamate tena.

Juu ya kuchomelea, mkato ni huu. Alumini ya kumimina iliyochomelewa na fundi asiye na mashine ya kazi ile haina nguvu yake tena, hata kama inang'aa. Maneti ya ambrayaji iliyopinda, unaweza kuinyoosha polepole mara moja ili ufike nyumbani. Ya freni iliyopinda sana, usiinyooshe, kwa sababu ufa unazaliwa ndani na hauuoni. Itakatika siku utakayoivuta kwa nguvu zote, na siku hiyo ndiyo unaihitaji.

Kwa hiyo sisi tunaomba wachimbaji wenye pikipiki wabadilishe mapatano: maneti, kable na viatu vya freni vitoke upande wa mwenye pikipiki, na mama anayepokea verisema awe na maneti moja ya kila upande ndani ya kabati. Kijana akileta iliyokatika, anapewa mpya papo hapo, hakuna maneno. Wengine watasema kijana ataiba. Aziuze wapi, na kwa faida gani? Na akina mama hawahitaji kuwa mafundi: kila jioni wakati wa kupokea pesa, vuta maneti zote mbili. Ya ambrayaji iwe na mchezo wa milimita 10 mpaka 20 kwenye ncha mbele ya kuanza kuvuta. Ya freni isimame mbali na usukani. Taa ya nyuma iwake. Ni muda mfupi kuliko kuhesabu noti.

Na kama maneti ni mpya na bado inafika kwenye usukani, usibadilishe maneti tena. Viatu vya freni vimeisha, ao kable imevutika. Kuna watu wamenunua maneti tatu juu ya ugonjwa wa viatu.

Kwa abiria, yaani sisi wote siku ya kupanda kwenda kwenye kazi: una haki ya kuangalia mbele ya kupanda. Tunasema haki kwa maana kamili. Mfanyakazi aliyeandikishwa kwenye CNSS, sheria ya 15 Julai 2016 inahesabu pia ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi. Lakini mchimbaji wa kienyeji, ambaye Kanuni ya Migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inamtaka awe ndani ya koperative, mara nyingi hana anayemlipia kule. Akivunjika mguu njiani, ni michango ya wandugu na kuuza mbuzi. Koperative zinazokusanya makuta kila wiki zinaweza kuweka sanduku la vipande pale pikipiki zinapoegeshwa, na kukataa mizigo yake ipakiwe kwenye pikipiki isiyo na freni ya mbele. Hilo tumelisema kwenye mikutano na tutalisema tena.

Mwisho ni kufunga. Tia grese kidogo kwenye buloni, kaza buloni yenyewe, kisha ekru yake, na uhakikishe maneti bado inarudi peke yake. Ile bangili inayoshika kiti cha maneti kwenye usukani, usiikaze mpaka mwisho: iwe ngumu kwa mkono, lakini pikipiki ikilala iweze kuzunguka badala ya kukatika. Waendeshaji wa porini wanazungusha kipande cha plastiki chini yake ili izunguke vizuri. Ielekeze chini kidogo, vidole vikae sawa na mkono wa juu.

Chukua maneti ya akiba, ifunge na mpira wa chambre à air chini ya kiti, pamoja na ufunguo wa buloni yake. Ukikatikiwa na ya ambrayaji njiani bila akiba, mwendeshaji mzoefu anaweza kusukuma pikipiki ndani ya nyutro, kuingiza vitesi cha kwanza ikitembea, na kufika polepole kwenye kijiji cha karibu. Ukikatikiwa na ya freni juu ya mteremko, abiria washuke, mizigo ishuke, na pikipiki ishuke kwa miguu.